Ndege wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wapenda ndege walifika asubuhi, kabla harufu ya mabwawa haijachemka vizuri. Walishuka kwenye magari na kofia zao pana, darubini zikining'inia shingoni, na nyingine za miguu mitatu wamezibeba begani kama watu waliokuja kupima barabara. Wakajipanga juu ya tuta la bwawa la mwisho, pua wameziziba kwa vitambaa, macho yanacheka.

"Dada Reki!" Valvu alipaza sauti toka kwenye gurudumu lake la kufungulia maji. "Wageni wako hao! Kumbe mavi ya mji huu ni utalii, na sisi tunayaacha yaende bure!"

Dada Reki hakujua kama ni wageni wake. Alikuwa kwenye chujio, kazi iliyompa jina. Majitaka ya mji mzima yalipita kwanza hapo, kwenye vyuma vilivyosimama kama meno ya kitana, na kila kitu ambacho watu walikitupa chooni wakidhani wameachana nacho kilinasa: matambara, mifuko, nywele, siku moja meno ya bandia yamekamilika juu na chini. Yeye aliyavuta kwa reki akayatia kwenye toroli. Maji yenyewe yaliteremka bwawa hadi bwawa, jua likiyafanyia kazi, na yalipofika bwawa la mwisho yalikuwa ya kijani, yametulia, yamejaa ndege.

Hao ndege ndio waliompa kazi ya pili. Chama cha wapenda ndege kilikuwa kimeomba wahesabiwe kila mwezi, na meneja akataka mtu asiye na haraka. Karani wa ofisi akamtaja Dada Reki, shemeji yake, mdogo wa mke wake; yeye Karani ndiye aliyemwombea hata hiyo kazi ya reki. "Huyu," alisema, "anaweza kumtazama kuku mpaka kuku aone haya."

Chama kikaleta vitabu viwili vya ndege wa ukanda huu, vya namna moja, korongo mwenye taji kwenye jalada. Kimoja kikakaa kwa Karani ofisini, kingine akapewa yeye kwenda nacho tutani. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, na yeye shule yake iliishia darasa la saba, kwa hiyo mwanzoni aliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini picha hazikuwa na lugha. Alijifunza kwamba vistari vidogo pembeni ya ndege vinakuonyesha mahali pa kutazama: huyu mtazame miguu, huyu nyusi, huyu mdomo ulivyopinda nchani. Alijifunza kwamba ramani ndogo chini ya ukurasa inasema ndege anakaa wapi, na kwamba dume na jike wanaweza kuvaa tofauti mpaka ukadhani hawajuani. Wale vitwitwi wa ukingoni, ambao watu wote huwaita vitwitwi tu basi, aliwatenganisha mmoja mmoja. Ilimchukua muda. Muda alikuwa nao.

Majina ndiyo yalikuwa taabu. Mwezi wa kwanza alimtajia Karani herufi kwa herufi kwenye simu, upepo unazoa nusu, na Karani anafoka, "B ya baba au P ya papai?" Hapo Karani mwenyewe akapata akili. "Shemeji, achana na majina. Nipe ukurasa na namba ya picha. Vitabu si ni kimoja? Mimi nitaangalia huku, nitaandika." Tangu siku hiyo walifanya hivyo. Yeye tutani: ukurasa wa ishirini na tisa, namba mbili, kumi na wanne. Karani mezani: ndiyo, endelea. Mpaka Valvu akawa anawatania kwamba wanacheza bahati nasibu.

Sasa wageni walikaa pale tutani mpaka jua likapanda. Walitazama. Wakabadilisha macho kwenye darubini. Vicheko vikapungua, wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini, na mwishowe mkuu wao, mama mmoja mrefu ambaye Valvu alishambatiza Mama Darubini, akaenda kuzungumza na meneja. Meneja akasikiliza, akakunja uso, akaita.

"Reki! Njoo hapa. Na huyo Karani aje."

Alienda na buti zake za mpira zikidondosha maji. Wafanyakazi wengine nao wakasogea, maana mtu akiitwa hivyo kila mtu hupata kazi ya kufanya karibu.

Mama Darubini alimwonyesha picha kwenye simu yake. Ndege mweusi, mabawa marefu kama panga, juu ya mawimbi. "Mwanangu, huyu ulimwona wapi hasa?"

Dada Reki aliitazama picha kama alivyozoea kutazama, miguu, mdomo, nyusi. "Huyu sijawahi kumwona, mama."

"Ripoti yenu inasema mmewaona sitini."

"Sitini!" akasema mwingine nyuma yake, mzee aliyeungua pua. "Nimesafiri usiku kucha. Ndege wa bahari kuu, hakanyagi nchi kavu ila akienda kutaga visiwani, na nyinyi mnaandika sitini kwenye maji ya choo! Nilijua ni upuuzi, nikaja hivyo hivyo. Mjinga ni mimi."

Meneja uso ulishamwiva. Habari ile alikuwa amewapigia wakubwa wake akijisifu. "Karani, ripoti nani kaandika?"

"Mimi, bosi." Karani alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi. "Niliandika nilichoambiwa."

"Na aliyekwambia?"

Karani alielekeza kidevu tu, kidogo, upande wa shemeji yake.

"Kwa hiyo wewe ulikaa chini ya mti ukatunga ndege," meneja akamwambia Dada Reki, kwa sauti iliyofika mpaka bwawa la kwanza. "Mwongo! Mwongo mkubwa! Tumekuamini na kitabu, tumekupa darubini, kumbe unatuchorea!"

"Bosi, mimi nilitaja..."

"Nyamaza! Jumamosi wageni hawa watarudi kwenye kikao. Utasimama mbele yao, utasema ulidanganya, utaomba radhi. Hutaki, buti hizo uzivue uziache getini."

"Njia ya mwongo fupi," Valvu alisema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Watu wakacheka. Mbona Valvu huyu huyu ndiye aliyekuwa akimwita kila mara ndege akitua, "Dada Reki, njoo unisomee huyu"? Kicheko chake ndicho kilichomkata maini zaidi ya yote.

Alirudi kwenye chujio akavuta matambara mpaka jioni. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mzito, ameitwa bubu, ameitwa macho-kodo. Mwongo hajawahi. Mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama na kusema alichokiona, ukimwita mwongo umembakishia nini?

Nyumbani alikokaa ni kwa dada yake, chumba cha nyuma, jirani na jiko. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Omba radhi yaishe," dada yake alimwambia wakati wanapakua chakula. "Ni maneno tu. Nani atakuchunguza kinywani?"

"Dada, sikudanganya."

"Basi ulikosea. Watu hukosea. Piga magoti kama wanataka magoti. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mdogo wangu. Ukifukuzwa pale, shemeji yako ataonekanaje, yeye ndiye aliyekuleta?"

Shemeji mwenyewe alikuwa mezani. Sahani zilipofika, alichukua kipande kikubwa cha nyama, kile ambacho tangu aoe hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyewahi kukigusa, akakiweka kwenye sahani ya Dada Reki. "Kula, shemeji," akasema. "Utaumwa na mawazo."

Dada Reki alikitazama kile kipande. Alimtazama na aliyekiweka. Kuna ndege ambaye ukimkaribia kiota hujifanya amevunjika bawa, anajiburuza chini akikuvuta umfuate yeye, mbali na mayai. Kujiburuza huko ndiko kunakokwambia kiota kiko karibu. Nyama ile hakuila.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alinawa mpaka viwikoni, akavua buti mlangoni, akaingia ofisini peku. Mara nyingi hakuingia humo. Walikuwa wamemwambia ananuka.

"Shemeji, naomba tuangalie pamoja ukurasa wa arobaini na moja."

"Kitabu anacho meneja," Karani alisema haraka.

Kitabu kilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa chake. Korongo na taji lake, vile vile. Dada Reki aliunyoosha mkono akakishusha kabla Karani hajajua ainuke au akae. Kwanza aliuona uzito. Halafu unene. Kisha akafungua chake na kile, arobaini na moja kwa arobaini na moja, juu ya meza.

Katika chake, namba sita alikuwa kitwitwi mdogo wa mgongo wa kahawia na miguu ya manjano, ambaye bwawa la mwisho huwa limejaa yeye. Katika kile kingine, namba sita ilikuwa juu ya mawimbi, nyeusi, na mabawa kama panga. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeongezwa, ndege wote wakasukumwa mbele kama watu kwenye foleni. Na ramani ile ndogo chini yake ilikuwa bahari tupu. Hata tone la rangi halikugusa nchi kavu. Mtu angeitupia jicho mara moja tu, angejua!

"Hiki si kile cha kwanza," alisema.

Karani aliinuka akafunga mlango. "Cha kwanza nilikimwagia chai. Chama wakaniletea kingine, jalada lile lile. Ningejuaje kwamba wamekichapa upya, kurasa zimehama? Haki ya Mungu, shemeji, sikujua."

"Nakuamini. Na sasa umejua. Twende kwa meneja."

Karani akaanza kubofya kalamu, ndani nje, ndani nje. Dada Reki aliingoja ile kalamu mpaka ikachoka.

"Umejua lini, shemeji?"

"Ijumaa," akasema mwishowe. "Waliponipigia simu kwa furaha, wanasema wanakuja. Nikafungua nitazame ni ndege gani huyo wa kushangiliwa. Ndiyo nikaona."

"Ijumaa. Na wao wamekuja Jumanne."

"Meneja alishawaambia wakubwa! Ningemwambia nini? Sikiliza, wewe una akili, tuelewane. Wewe ukiambiwa umekosea, utarudi kwenye reki yako, chujio ni lile lile, dunia haitikisiki. Mimi nina meza. Mimi nikiambiwa nimekosea, meza hii kesho anakaa mwingine. Na wote tunakula kutoka kwenye meza hii, hata wewe. Unalala kwangu, shemeji. Sikusemi vibaya, nakukumbusha tu."

Alikuwa anamkumbusha tu. Dada Reki alikifunga kitabu chake, akakipangusa jalada kwa upindo wa nguo ingawa hakikuwa na vumbi, akatoka. Nje alivaa buti zake moja moja. Angeweza kupiga kelele pale pale mlangoni. Lakini walimwita mwongo mbele ya watu. Kusafishwa kwenye kona hakutaka.

Jumamosi kikao kilifanyika chini ya turubai karibu na geti, viti vya plastiki, kreti la soda. Wageni walikuja wachache kuliko mara ya kwanza. Wafanyakazi walisimama nyuma. Meneja alieleza kwa maneno marefu kwamba idara yake haivumilii udanganyifu, kisha akageuka. "Haya. Sema."

Dada Reki alisogea mbele. "Mama, naomba kitabu chako," alimwambia Mama Darubini. "Hicho cha mkobani."

Mama Darubini alishangaa, akakitoa. Kilikuwa kipya kama kile cha ofisini. Dada Reki akakilaza mezani ubavuni mwa chake, akafungua vyote viwili ukurasa mmoja, akaweka kidole huku na kidole kule.

"Mimi nilitaja ukurasa wa arobaini na moja, namba sita, sitini. Kwenye kitabu changu ni huyu. Yuko pale nyuma yenu sasa hivi, mkigeuka mtamwona. Ofisini kitabu kimebadilishwa, hakuna aliyeniambia. Ofisi ikamwandika huyu."

Watu wakageuka. Kweli, ukingoni walikuwa wanatembea, miguu ya manjano, wanachoma matope kwa mdomo kama mafundi cherehani. Mama Darubini akainamia vitabu. Yule mzee wa pua iliyoungua akainama naye, akatazama kimoja, akatazama kingine, halafu akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka.

"Toleo la zamani na toleo jipya! Mungu wangu! Nimesafiri usiku kucha kwa sababu ya namba!"

Kicheko kikaenea kama moto wa nyasi. Meneja naye akacheka, kwa nguvu zaidi ya wote, maana aliona mlango wa kutokea. "Kumbe namba tu! Basi, jamani, makosa ya kibinadamu. Yamekwisha. Karani, ulijua hili?"

"Ndiyo kwanza naliona, bosi," Karani alisema. Alimtazama shemeji yake kwa macho ya kuomba.

Dada Reki hakumjibia. Jina la Karani halikuwa nguo yake, si ya kuifua wala kuichafua. Yeye alikuja kwa lake.

"Fungueni soda," meneja akasema. "Wewe binti, kachukue soda."

"Asante, bosi. Bado halijaisha."

"Tumeshaelewana, bwana."

"Nyinyi mmeelewana. Mimi Jumanne uliniita mwongo. Mwongo mkubwa."

"Ah, hasira hizo. Haya, hukudanganya. Umeridhika?" Alilisema huku anatafuta kifungulio cha soda.

"Sauti ile uliyoniitia ilifika bwawa la kwanza," alisema Dada Reki. Yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Hii hata Valvu hajaisikia, na amesimama hapo. Unaniambia mimi? Mimi najua sikudanganya. Waambie wao. Kwa sauti ile ile."

Vicheko vilikatika. Chupa moja ilikuwa imeshafunguliwa, ikawa inatoa povu peke yake. Mtu wa reki anamwamrisha meneja! Meneja alifumbua kinywa amfokee, na pengine angemfokea, lakini Mama Darubini alikuwa amerudisha soda yake mezani bila kuinywa, amekunja mikono, anangoja. Wageni wengine wakamwiga.

Meneja akakohoa. "Wafanyakazi. Huyu... mwenzenu hakudanganya. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilimwita mwongo, na nilimkosea."

"Tumesikia!" Valvu akajibu toka nyuma, halafu kwa sauti ya chini, "Dada Reki, na mimi mdomo wangu, unisamehe." Hakumjibu Valvu siku ile. Alichukua soda yake akainywa yote amesimama.

Alipofika nyumbani Karani alikuwa ametangulia, na alikuwa ameshazungumza. Ilionekana kwa namna dada yake alivyokuwa anapiga pasi, analikandamiza shati jeupe la kazini kama anakanda mkate. Karani alikaa kwenye kochi, miguu ameinyoosha.

"Umesikia raha sasa?" dada yake alimwambia bila kuinua uso. "Meneja mzima kaaibishwa mbele ya wageni. Na mume wangu naye, mbele ya kazi nzima, kwamba hajui hata kusoma kitabu. Mtu aliyekuokota! Nilikuomba vizuri hapa hapa nyumbani. Nilikuomba."

"Mwache," Karani alisema kwa upole. "Mtoto ana kiburi, dunia itamfunza. Mimi nimeshamsamehe."

Kusamehewa. Kule kwenye kikao Dada Reki alikuwa amemwachia jina lake, hakuligusa, na huku ndiko amekuja kulipwa. Aliweka kitabu chake juu ya meza.

"Shemeji, mwambie dada ulijua lini."

"Nilijua nini?"

"Kwamba kosa si langu. Mwambie siku."

"Mambo ya kazini hayaletwi nyumbani," Karani akasema, na akairudisha miguu.

Dada yake aliisimamisha pasi. Hakuwa mwepesi wa kusoma vitabu, lakini yule mwanamume alikuwa amemsoma miaka mingi, ukurasa kwa ukurasa. "Mume wangu, amekuuliza siku. Siku ni saba tu, huwezi kukosa. Ulijua lini?"

"Sasa wewe nawe..."

"Jumanne usiku, wakati unampa nyama, ulikuwa unajua?"

Kalamu hakuwa nayo, kwa hiyo alibofya vidole. "Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Nilimwambia mdogo wangu apige magoti!" Sauti ya dada ilipanda mpaka jirani akazima redio. "Mtoto wa mama yangu! Hapa, kwa mdomo wangu huu! Nikimwambia akubali kuitwa mwongo, na wewe umekaa hapo hapo unajua, unatafuna! Umeniacha niseme!"

"Punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Si umependa watu wasikie?"

Aliichomoa pasi ukutani. Shati lilikuwa limenyooshwa mkono mmoja na nusu ya mgongo. Lililobaki lilikuwa bado mikunjo mitupu. Akalitupa mapajani mwa mume wake vile lilivyo, akamsogezea na pasi.

"Ingali moto," alimwambia. "Malizia mwenyewe." Kisha akamgeukia mdogo wake, akavuta kiti kimoja kwa mguu. "Na wewe kaa. Nieleze toka mwanzo. Huyo kitwitwi akoje?"